Ng'ambo ni Hatua Nne

Saa iliyo mkononi mwako, nani aliifungua mara ya mwisho?

Usinitajie jina lililoandikwa usoni mwake. Hilo ni jina la kiwanda. Nauliza habari za mtu aliyeyainamia matumbo ya saa yako, akapuliza vumbi, akadondosha tone la mafuta dogo kuliko kichwa cha sisimizi, akafunga, nawe ukarudishiwa ikitembea. Humjui. Sikulaumu. Kuna watu wanashiba kwa sababu humjui.

Mimi namjua mmoja. Ni mjomba wangu, kaka wa mama, na kwa miaka thelathini na moja amefanya kazi nyuma ya pazia la kijani katika duka la saa lililo kwenye barabara kuu ya mji wetu. Mbele ya pazia pana zulia, kiyoyozi, na makabati ya vioo ambamo saa zote zimesimamishwa saa nne na dakika kumi, mishale imefunguka kama mikono ya mwenyeji anayekaribisha wageni. Nyuma ya pazia pana chumba ambacho ukinyoosha mikono unagusa kuta mbili. Mna dirisha moja, taa yenye shingo ndefu, meza iliyoinuliwa hadi usawa wa kifua ili fundi asipinde mgongo, stuli ambayo mjomba ameipigilia misumari upya mara nne, na ndoo ya plastiki inayokinga maji ya kiyoyozi cha mbele. Hewa baridi ni ya wateja. Maji yake ni ya mjomba.

Sasa sikiliza uongo wenyewe ulivyokuwa. Mteja akileta saa nzuri ya zamani, mwenye duka huipokea kwa mikono miwili, huilaza kwenye kitambaa cha bluu, hutikisa kichwa kama daktari mwenye habari mbaya, kisha husema, "Hii, mheshimiwa, sisi hatuwezi kuigusa. Lazima irudi kwao, ng'ambo, kiwandani." Mteja hujisikia mtu mkubwa. Hulipa hadi nauli ya ndege. Dada wa kaunta humwandikia stakabadhi: Imesafirishwa, wiki tatu. Mteja akishatoka nje, saa inavuka pazia.

Mjomba huitengeneza kwa siku mbili. Siku zilizobaki inalala kwenye droo ya chini, ambayo yeye na dada wa kaunta huiita uwanja wa ndege.

"Ya yule mhandisi imefika wapi?" dada wa kaunta huuliza akichungulia.

"Bado iko angani," mjomba hujibu bila kuinua kichwa. "Hali ya hewa imechafuka huko."

Mwenye duka wamempachika jina la Ng'ambo, na mwenyewe hajui. Siku ya kwanza nilipoingia mle ndani mjomba alinionya, "Ng'ambo si mbali, mpwa wangu. Ni hatua nne tu kutoka kaunta. Ila ukifika, angalia ndoo."

Nilicheka. Leo kicheko kile kinaniudhi, kwa sababu mjomba alikuwa amekitengeneza kile kichekesho ili aweze kukaa mle ndani bila kuvunja kitu.

Kazi aliianza akiwa na miaka kumi na tisa, kwa fundi mmoja mkali aliyetunza saa za ukutani za ofisi na shule. Miezi sita ya mwanzo hakuruhusiwa kugusa saa. Alichonga vijiti. Ndani ya saa kuna matundu madogo ya vito ambamo magurudumu huzungukia, na fundi huyasafisha kwa kijiti chenye ncha kali kama sindano: anakizungusha, anakitazama, kikitoka cheusi anachonga ncha upya, hadi kitoke cheupe. "Nilichonga hadi nikaviota," aliniambia. "Nilipokwenda kuposa, mama mkwe aliuliza kama vidonda vya vidole vyangu vinaambukiza."

Fundi yule alimfundisha sheria moja iliyo juu ya nyingine zote. Ukifungua saa ya mtu, kabla ya kuifunga unakwaruza alama yako ndani ya kifuniko cha nyuma, ndogo isionekane bila lenzi, pamoja na mwezi na mwaka. Si kwa kujivuna. Ni ili fundi atakayekuja baada yako ajue nani alipita na lini, na akikuta uharibifu ajue wa kumlaani. Na sheria hiyo ina mkia: bisibisi ikikuteleza ukachuna chuma, unatia alama yako pembeni ya mchuniko, asije akasingiziwa mwingine. Alama ya mjomba ni nusu mwezi. Alinionyesha wakati mmoja kifuniko chenye mchuniko mrefu kama sharubu la paka, na nusu mwezi pembeni yake, wa mwaka aliofiwa na mwanawe wa kwanza. "Siku ile mkono ulikuwa wangu lakini haukunisikia," alisema, akakifunga.

Wangapi kati ya wakubwa wetu hutia jina lao pembeni ya walichoharibu? Nauliza tu.

Jioni alitengeneza saa za majirani mezani kwake nyumbani. Skrubu ya saa ni ndogo kuliko punje ya sukari, na ikimponyoka husema neno moja, "Ganda," na nyumba nzima inaganda. Dada yangu aliwahi kusimama kwa mguu mmoja kama korongo, kikombe mkononi, mjomba akitambaa na tochi aliyoilaza sakafuni ili kitu kidogo kitoe kivuli kirefu. Skrubu ikapatikana kwenye pindo la gauni la mkewe.

"Kumbe umevaa mali ya watu, umenyamaza," akamtania.

"Ningesema ungeniletea bisibisi," mkewe akajibu.

Huyo ndiye mtu. Sasa tazama alivyotendewa. Miaka kumi na miwili iliyopita kiwanda kimoja kikubwa cha ng'ambo kilitoa nafasi ya mafunzo kwa duka letu: fundi mmoja, miezi mitatu, cheti. Ng'ambo alimpeleka shemeji yake, mtu ambaye hadi leo akitia betri kwenye saa ya ukutani huigeuza kichwa chini. Cheti kinaning'inia mbele, ndani ya fremu. Kila Jumatatu mjomba hukifuta vumbi kioo chake, kwa kuwa kufuta vumbi nako kumo katika kazi zake.

Mimi niliingia katika habari hii kwa tumbo. Nilikuwa nimemaliza chuo na shahada ya historia na miezi minane ya kutuma barua zisizojibiwa. Ng'ambo akaandaa maonyesho ya saa mashuhuri za zamani za mkononi, kumi na mbili, zote za kiwanda kile, alizoziazima kutoka kwa wateja wake wa siku nyingi. Mkaguzi wa kiwanda alikuwa anakuja, na akiridhika, duka lingepewa uwakala wa mji mzima. Mjomba akaniombea kazi ya kuandika vibao vya maelezo. Niliipokea kama mtu aliyepewa kiti bungeni.

Nilisoma, nikaandika. Niliandika kwamba zaidi ya miaka mia iliyopita saa ya mkononi ilihesabiwa pambo la wanawake, na mwanaume wa heshima alibeba yake mfukoni kwa mnyororo. Kwamba rubani mmoja wa siku za mwanzo za ndege alimlalamikia rafiki yake sonara kuwa hawezi kuachia usukani achomoe saa mfukoni, akatengenezewa saa ya mraba ya kufunga mkononi. Kwamba Vita vya Kwanza vya Dunia ndivyo vilivyomaliza ubishi: ndani ya mahandaki askari hawakuwa na mkono wa kupapasa mfuko, wakafunga saa mikononi, na waliorudi wazima walirudi nazo. Nani angewaambia hao wamevaa pambo la kike? Niliandika pia kwamba zile namba zilizong'aa gizani zilipakwa rangi yenye radiamu, madini yenye mionzi ya sumu, na wasichana wa viwandani walioambiwa wanyooshe ncha za brashi kwa midomo, wakaoza mataya, wakafa, huku wakubwa wakisema rangi haina neno.

Ng'ambo alipitisha kalamu nyekundu juu ya kibao hicho. "Watu wanakuja kufurahi, kijana. Usiwaletee maiti."

Mjomba alipenda kibao cha fundi Mwingereza, mtengeneza saa wa kawaida, ambaye katika miaka ya ishirini ya karne iliyopita alichoka kuona uchafu ukiingia kupitia kitufe cha kutia ufunguo, akabuni saa ya mkononi inayojitia ufunguo yenyewe kwa mtikisiko wa mkono. Biashara yake haikudumu hata miaka kumi. Wengine wakalichukua wazo, wakanenepa.

"Huyo alikuwa wa nyuma ya pazia," mjomba alisema, akanirudishia karatasi. "Wa mbele hawezi kujua vumbi linaingilia wapi."

Siku moja kabla ya mkaguzi kufika, saa nane mchana, Ng'ambo aliingia nyuma ya pazia akiwa na sinia lenye saa zote kumi na mbili. Nilikuwa nimekaa kwenye kreti nikisahihisha vibao. Sidhani kama aliniona.

"Mzee, nimechungulia hii moja," akasema. "Humu ndani umechorachora nini?"

"Alama za kazi."

"Ziko kwenye zote?"

"Nilizifungua zote. Zitakosaje?"

Ng'ambo akashusha sauti, akaeleza kwa upole ambao mtu humweleza mtoto. Kiwanda kina masharti. Asiye na cheti chao haruhusiwi kufungua saa yao. Mkaguzi atafungua vifuniko, na akikuta alama za mtu asiyemjua, uwakala umekwenda.

"Chukua mashine yako ya kung'arishia, futa zote. Kesho asubuhi vifuniko viwe vioo." Akanigeukia, kumbe alikuwa ameniona. "Na wewe, mwisho wa kila kibao ongeza: Haijawahi kufunguliwa tangu itoke kiwandani."

"Lakini wenye saa uliwaambia zinapelekwa huko huko kiwandani," nikasema.

"Wenye saa nimewaalika alasiri. Mkaguzi anakuja asubuhi. Alasiri utabandika vibao vingine. Au chuo hawakukufundisha kuandika mara mbili?" Akamgeukia mjomba tena. "Kama mkono unakusumbua, Mzee, sema tu. Shemeji yangu anaweza kukaa kwenye hiyo stuli."

Mjomba alilivuta sinia mezani kwake. "Zitakuwa safi," akasema.

Nataka ufahamu kilichokuwa juu ya sinia lile. Mjomba hana mkataba. Hana barua ya kuajiriwa, hana hata picha moja iliyopigwa mle dukani. Stakabadhi zote zinasema kazi ilifanyika ng'ambo. Akitoka kesho, hakuna karatasi popote inayoonyesha kwamba aliwahi kuikalia ile stuli miaka thelathini na moja. Ushahidi wote ni zile nusu mwezi ndani ya vifuniko. Na sasa alikuwa ameambiwa azisage kwa mkono wake mwenyewe, au ampishe shemeji.

Ya kwanza kwenye sinia ilikuwa ya muuguzi mstaafu: saa ya chuma, ndogo, yenye mshale mrefu wa sekunde unaoanzia katikati, aliyohesabia mapigo ya wagonjwa tangu ajira yake ya kwanza. Mshale ule ulivunjika mwaka fulani, na kipuri hakikupatikana. Mjomba alikata ukanda mwembamba kutoka kamani mbovu, ule utepe wa chuma unaoisukuma saa, akausugua siku nzima, akaupasha moto juu ya vumbi la shaba hadi ukageuka bluu. Ndani ya kifuniko cha saa ile mlikuwa na nusu mwezi tisa.

"Mjomba, usifute," nikasema.

"Nipe hicho kitambaa."

"Ukizifuta hizo umejifuta wewe."

"Nimesikia. Nipe kitambaa."

"Basi wewe ni mwoga. Miaka yote hii nilidhani ni uvumilivu. Kumbe ni woga."

Nilitegemea anipige kofi. Alivuta lenzi jichoni, akainamia meza.

"Mpwa wangu," akasema, "pumzi yako inapeperusha skrubu. Toka nje upunge upepo."

Nilitoka. Nilisimama barabarani nikiwaka, nikitunga hotuba kichwani. Halafu nilirudi ndani, nikakaa pembeni ya kaunta, nikaandika vibao. Vyote kumi na viwili, kwa mwandiko safi, na mwisho wa kila kimoja nikaongeza: Haijawahi kufunguliwa tangu itoke kiwandani. Huyo ndiye aliyemwita mwenzake mwoga. Nilihitaji ile kazi, ndiyo. Na yeye je?

Nyuma ya pazia mashine ya kung'arishia ililia hadi tulipofunga duka. Kila iliponyamaza nilihesabu saa nyingine imekwisha. Kisha, baada ya kila kimya, palikuwa na mkwaruzo mdogo sana, kama panya anayejaribu mlango. Sikuujali. Mjomba alitoka wa mwisho, akaosha mikono kwa maji ya ndoo, akaniaga kama siku zote, "Msalimie mama yako."

Asubuhi mkaguzi alifika kabla zulia halijafagiliwa. Alikuwa mtu mrefu, mtulivu, aliyezunguka nchi nyingi na aliyesema lugha yetu polepole kama anayepanda ngazi. Hakutaka kahawa. Alifungua mkoba, akatoa kimashine cha kusikilizia mapigo ya saa, akaanza na ile ya muuguzi kwa kuwa ilikuwa karibu. Ng'ambo alisimama pembeni yake akitabasamu kwa meno ya juu na ya chini.

Hapo mlango wa kioo ukafunguka, akaingia muuguzi mwenyewe, kwa viatu vyake vyeupe.

"Mama, tulisema alasiri," Ng'ambo akasema.

"Nimeamka zamu ya asubuhi miaka thelathini na mitano, baba. Alasiri mimi nimeshalala." Akavaa miwani, akainamia kibao changu. Akakisoma mara mbili. "Hapa mmekosea. Haijawahi kufunguliwa vipi? Mmeipeleka kiwandani mara tisa. Stakabadhi zote ninazo nyumbani."

Mkaguzi aliinua kichwa. "Kiwandani kwetu?"

"Kwenu, ng'ambo."

"Kwetu kila saa inayoingia inaandikwa," mkaguzi akasema taratibu. "Hii nimeitafuta kwenye orodha kabla sijaja. Haimo." Akaonyesha kimashine. "Na saa isiyofunguliwa miaka thelathini, mafuta yake yanakuwa gundi. Hii inatembea kama ya jana."

Ng'ambo akasema jambo kuhusu makarani wasiojua kuandika, akinitazama mimi. Mkaguzi alikuwa ameshaondoa kifuniko. Kiling'aa kama kioo, safi kabisa, na nilimwona Ng'ambo akishusha mabega. Mkaguzi alitia lenzi jichoni, akakigeuza kifuniko kwenye mwanga wa dirisha, akakigeuza tena.

"Kuna maandishi," akasema. "Madogo."

"Nipe nisome," muuguzi akasema. "Maisha yangu yote nimesoma maandishi ya vichupa vya sindano." Akaichukua lenzi, akakunja uso, akasoma kwa sauti ile ya kumsomea mgonjwa dozi yake. "Nimefuta alama zangu tisa. Nimeamriwa." Akasogeza lenzi. "Halafu tarehe ya jana. Na hapa kuna kitu kama nusu mwezi."

Mkaguzi alichukua saa ya pili, akaifungua. Nimefuta alama zangu sita. Nimeamriwa. Akaifungua ya tatu.

Pazia lilisogea. Mjomba alikuwa amesimama pale na aproni yake, lenzi ameisukuma juu ya paji la uso. Nyuma yake, mezani, sanduku lake la vifaa lilikuwa limefungwa kwa kamba.

"Kila kazi inatiwa alama, mama," alimwambia muuguzi. "Na kufuta ni kazi."

Hakuna aliyemtazama Ng'ambo. Muuguzi alimtazama mjomba toka kichwani hadi miguuni, kama anayempokea mgonjwa wodini.

"Ule mshale wa sekunde," akasema. "Uliorudi ukiwa wa bluu. Ni wewe?"

"Ni mimi."

"Kwa hiyo mara zote tisa, saa yangu ilikuwa wapi?"

Mjomba alisogea kando, akainua pazia kwa mkono mmoja. Muuguzi alizunguka kaunta, akaanza kwenda. Nilihesabu hatua zake. Zilikuwa nne.

"Angalia ndoo," mjomba akamwambia.

Akaikwepa, akaivuta stuli, akakaa.